Spika ya Kushoto

Kwa muda wa miezi minne niliamini kwamba nyumbani kwangu kuna spika mbovu. Nililiamini jambo hilo kwa nguvu zote, kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Nilikuwa nimestaafu kufundisha fizikia, nikabakiwa na kazi moja tu niliyoipenda, kufundisha kwaya ya usharika wetu hapa Pongwe. Mwalimu wa kwaya anaweza kupungukiwa na vitu vingi: magoti, macho, hata sauti yake mwenyewe. Masikio hapana. Na kama spika ilikuwa nzima, basi kilichoharibika ni sikio langu la kushoto, na kwaya ndiyo imekwisha.

Sisi ni watoto wa kambi za mkonge. Wazazi wetu wengi walishuka kutoka milima ya Usambaa, wengine walitoka mbali zaidi, wakaja kufanya kazi mashambani na vitabu vyao vya nyimbo mkononi. Kuimba kwa sauti nne tulikulia nako kama wengine wanavyokulia na mpira. Kwa hiyo mwaka jana, kwaya yetu iliporekodi nyimbo kumi kwenye studio ndogo mjini, nilitaka kuisikia kazi hiyo kama inavyostahili. Nyumbani tulikuwa na sabufa, lile boksi la mdundo lenye taa zinazokimbizana, ambalo siku hizi karibu kila nyumba inalo. Nikachomeka flashi. Waimbaji wangu wanne wa besi wakawa arobaini, na sauti ya pili, wanawake tisa wazima na afya zao, wakayeyuka kama sukari kwenye uji.

Sina ugomvi na sabufa. Ukiwa na harusi uani, ukitaka majirani wajue kuna harusi, hakuna kama yenyewe. Lakini sauti ya binadamu hukaa katikati, si chini sana wala juu sana, na hapo katikati ndipo sabufa ina shimo. Nikaamua kujenga muziki wangu kipande kwa kipande.

Kama nawe umewahi kulifikiria jambo hili ukaogopa maneno ya mafundi, usiogope. Vipande ni vitatu tu. Kuna kinachosoma muziki, iwe deki ya CD au simu yako. Kuna amplifaya, inayoutia muziki nguvu. Na kuna spika mbili, zinazougeuza umeme kuwa sauti. Ni kama kupika samaki. Samaki akishalala, hakuna nazi itakayomwokoa. Rekodi mbaya haiponywi na spika ya bei. Lakini ukiwa na samaki mzuri, chungu ndicho kinachoamua, na chungu ni spika. Anza kuchagua spika. Vingine vitazifuata.

Fundi niliyemwendea ana kibanda Makorora. Ni mtu wa makamo kama mimi, mwenyeji wa mji, anayeongea huku ameshika risasi ya kuchomelea kwa meno. Nilipomweleza ninachotaka alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, wataka redio au wataka kutunga mtihani?"

"Nataka kusikia kila mwimbaji amesimama wapi."

"Mh. Basi usinunue taa." Akanyoosha kidole kwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambako maboksi mapya yalikuwa yakimetameta rangi zote. "Yale ni ya macho. Wewe wataka la masikio."

Alinionyesha vitu vya mtumba vilivyovuka kutoka Unguja: amplifaya nzito za chuma, spika za mbao zilizotumika Ulaya na Japani kabla hata ya wanangu kuzaliwa. Hapo tulifundishana. Mimi nilimweleza kwa nini namba kubwa ya wati iliyobandikwa kwenye boksi haina maana kama spika zenyewe hazilingani na amplifaya. Yeye alinionya juu ya amplifaya za Japani, ambazo zimetengenezwa kwa umeme wa volti mia moja. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu bila transfoma ya kushusha umeme, utaona moshi kabla hujasikia wimbo. Akabonyeza kwa kidole ukingo wa spika moja nzuri ajabu, na ukingo ukabomoka kama keki iliyokauka.

"Sponji," akasema. "Ulaya yakaa miaka thelathini. Hapa kwetu joto na chumvi vyaimaliza. Tafuta yenye ukingo wa mpira, mwalimu. Mpira wavumilia Tanga."

Tulichagua spika mbili za mbao nyekundu, zenye ukingo wa mpira, na juu ya kila moja ile spika ndogo ya sauti nyembamba, twita, ambayo ndiyo hubeba herufi: bila twita, "sifa" na "fifa" ni neno moja. Tukachagua amplifaya ya Ulaya isiyo na taa yoyote ila moja ndogo ya kijani. Kabla ya kulipa nilimwomba anipigie rekodi yetu. Na hili nakuhimiza nawe ulifanye: usikubali kusikilizishwa wimbo wa dukani, kwa sababu umechaguliwa kuficha makosa. Nenda na wimbo unaoujua hata ukiwa umelala.

Pale kibandani, bodaboda zikipita na jirani akisaga karanga, kwaya yangu ilitoka hai. Sikuona kasoro. Nadhani kelele za Makorora zilinifichia.

Kasoro niliiona sebuleni. Niliziweka spika kama inavyotakiwa: umbali kati yao uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti chako, na twita zitazame masikio. Mume wangu alinishikia futi ya fundi cherehani huku akinung'unika kwamba hata kitanda chetu hatukukipima hivyo. Nikakaa, nikafumba macho. Besi walikuwepo, wazito na watulivu. Sauti ya tatu walikuwepo. Sauti ya pili, wanawake wangu tisa, ningeweza kuwahesabu. Lakini sauti ya kwanza, ambao husimama kushoto kwangu na kwenye rekodi hutoka kushoto, walikuwa mbali. Walikuwa kama wanaimba nje ya dirisha, na maneno yao yamefungwa kwenye kitambaa.

Sikushtuka. Nilifurahi, kusema kweli, kwa sababu nilikuwa nimewaambia. Mwaka mzima nilikuwa nikiwagombeza sauti ya kwanza kwamba wanaimba kivivu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu daima, kiganja kikitazama mbinguni: ongezeni, ongezeni. Katika kwaya yetu mkono wa mwalimu haupingwi. Waliongeza. Kule studio, kijana wa mitambo alikuja kuninong'oneza kama wale akina mama wanaweza kurudi nyuma hatua mbili, nami nikamwambia aangalie vifungo vyake, waimbaji aniachie mimi.

Sasa nikasema, si wao, maana pale Makorora walisikika. Ni spika.

Kutafuta ubovu kuna kanuni moja, na niliwafundisha wanafunzi wangu kanuni hiyo kila mwaka: badilisha kitu kimoja, viache vingine vyote kama vilivyo, kisha tazama ubovu umehamia wapi. Nikabadilisha waya nyuma ya amplifaya, wa kushoto kulia na wa kulia kushoto. Kama amplifaya ndiyo yenye upande mbovu, kufifia kungehamia kulia. Sauti ya kwanza ikahamia kulia, ikawa safi, hata kali kidogo, lakini nilikuwa nasaka kufifia, sikuujali ukali; na sasa besi ndio waliotoka kushoto; besi walisikika vizuri, ila konsonanti zao zilikuwa zimekatika. Kufifia kulibaki kushoto. Kwa hiyo amplifaya haina kosa. Spika ya kushoto ndiyo mbaya, au twita yake.

Nikaipeleka Makorora, imefungwa kwenye khanga. Fundi akaifungua, akaipima, akaipiga.

"Nzima."

"Haiwezekani."

"Mwalimu, twita yaimba kama ndege. Sikiliza." Nikainamisha kichwa, sikio la kulia mbele, na kweli iliimba kama ndege. Nikaondoka nayo, na baada ya saa mbili nikarudi nayo, kwa sababu sebuleni ilikuwa imefifia tena.

"Waja leo, warudi leo!" akasema fundi, akacheka mpaka risasi ikamtoka mdomoni. "Bibi wee, spika hii itazoea bodaboda kuliko muziki."

Safari ya tatu nilimlazimisha anibadilishie zote mbili. Alinipa nyingine, nyeusi, ndefu kidogo, akasema kwa upole uliokuwa na mkwaruzo ndani yake, "Una maradhi ya kutafuta ubaya, mwalimu. Wengine hununua wakasikiliza. Wewe wanunua ukasaka."

Zile nyeusi nazo zilififia kushoto.

Siku hiyo, katikati ya joto la Februari, ndipo nilipoanza kuogopa. Spika mbili tofauti, viwanda viwili tofauti, haziwezi kuugua ugonjwa mmoja upande mmoja. Lakini bado nilikuwa na pa kukimbilia. Chumba! Chumba nacho ni kipande cha muziki, na ni kipande ambacho watu husahau kukihesabu. Kushoto kwangu kulikuwa na pazia zito na kochi. Vitambaa hunywa sauti nyembamba. Kulia kulikuwa na ukuta mtupu, unaoirudisha. Nikaliondoa pazia. Nikaburuta kochi hadi ukumbini, mume wangu akalikuta mlangoni, akalizunguka kama mtu anayezunguka ng'ombe aliyelala njiani.

"Tunahama?" akauliza.

"Natafuta sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya kwanza. Haisikiki."

Akasimama, akasikiliza. Yeye si mwimbaji. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, na kanisani huimba kwa kufungua mdomo tu. Lakini masikio yake ni mazuri, anaweza kusikia nazi ikianguka kwa jirani akajua ni kwa jirani yupi.

"Haisikiki?" akasema. "Mke wangu, hawa akina mama walikuwa wanagombana na nani? Wanapiga mayowe. Sikuwahi kukwambia kwa sababu ni kazi yako, lakini mimi huu wimbo wa tatu unanitoboa."

Nilimwambia hajui muziki. Nilimwambia kwa sauti kali kuliko alivyostahili, naye akainua mikono akaenda zake nyuma kwa kuku. Nikabaki nimesimama katikati ya sebule tupu. Nilikuwa nimehamisha waya. Nilikuwa nimehamisha spika. Nilikuwa nimehamisha pazia na kochi. Kwa kanuni yangu mwenyewe kulikuwa kumebaki kitu kimoja ambacho hakijahamishwa, nacho kilikuwa kimekaa kwenye kiti. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi, mtoto wa kidato cha kwanza angelibuni: geuza kiti, zipe spika mgongo. Spika ya kulia itakuwa kushoto kwako. Ikififia na hiyo, basi.

Nilizima amplifaya. Nikaifunika kwa kitambaa, kwa ajili ya vumbi, nikajiambia.

Sikuigusa kwa wiki sita.

Sijui kama umewahi kukaa na jambo ambalo unalijua na hulijui kwa pamoja. Mchana nilikuwa mtu wa kawaida. Nilikaanga, nilifua, nilisahihisha nota. Lakini nilianza kujipeleleza kama mwizi anavyopelelezwa. Niliona kwamba simu huipokea kwa mkono wa kulia na kuipeleka sikio la kulia, na nilipojaribu kuihamishia kushoto, dada yangu aliyekuwa akiongea kutoka Kigombe alianza kumung'unya kama aliyejaza mihogo mdomoni. Niliona kwamba mezani huchagua kiti cha mwisho, ambacho kushoto kwake hakuna mtu. Tangu lini? Nilijaribu kukumbuka, na kila nilipogusa nilikuta iko nyuma zaidi. Pale njia panda ya barabara kuu, pikipiki iliyotokea kushoto ilinipita karibu hivi kwamba kioo chake kilishika upindo wa gauni langu. Dereva akasimama mbele, akageuka.

"Mama, nimepiga honi kuanzia kule kwenye mnazi! Unataka kuniachia kesi?"

Nikamwambia samahani, nilikuwa mawazoni. Nilitembea hadi nyumbani nikigeuka kutazama kushoto kila hatua chache.

Na mazoezi ya Jumamosi yaliendelea. Hilo ndilo ninaloona haya kuliko yote. Nilijua, au nusu yangu ilijua, na bado nilisimama mbele yao na kuinua mkono wa kushoto. Kama ningeushusha ningekuwa nimekiri. Kiongozi wa sauti ya kwanza ni mwanamke anayeuza machungwa, mwenye kifua cha kuita gari lililokwishaondoka. Siku moja wimbo ulipoisha alikaa chini, akatoa chupa ya tangawizi kwenye kikapu.

"Sauti imekwenda wapi?" nikamwuliza.

"Imekwenda ulikoiita, mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa kama mchanga ndani ya sufuria. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Sikulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata.

Nilikigeuza kiti Jumatatu, saa nne asubuhi. Mume wangu alikuwa ameenda kupeleka mayai. Nilifunga mlango wa mbele kwa komeo kana kwamba nafanya jambo la aibu. Nikafunua amplifaya, ile taa ndogo ya kijani ikawaka. Nikaweka wimbo wa tatu. Kwanza nilikaa kama kawaida, nikazisikiliza spika mbili: kulia safi, kushoto kitambaa. Nikainuka, nikashika mikono ya kiti. Kiti chenyewe ni chepesi, cha mninga mwembamba na kamba. Kilikuwa kizito siku ile. Nikakigeuza kikaangalia mlango, nikakaa nimezipa spika mgongo, na nikafumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri sindano.

Spika iliyokuwa nzima ikafifia. Spika iliyokuwa mbovu ikapona.

Sauti ya kwanza walikuwa sasa nyuma ya bega langu la kulia, na nikawasikia. Mume wangu alisema kweli. Walikuwa wakipiga mayowe. Ilikuwa sauti ya wanawake kumi na moja waliosukumwa hadi ukingoni mwa makoo yao, bila utamu, bila pumzi, wakitii. Niliusikiliza wimbo wote. Nikausikiliza tena.

Mume wangu aliporudi alikuta mlango una komeo, akagonga. Nilimfungulia nikamwambia, moja kwa moja, kabla sijajipa nafasi: "Sikio la kushoto limekufa."

Aliweka trei tupu za mayai juu ya spika, jambo ambalo siku nyingine lingezua kesi, akasema, "Vaa viatu."

Daktari wa masikio alikuwa msichana mdogo, wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. "Shikamoo, mama," akasema, akaangalia masikio kwa kurunzi, nami nikawa naomba aseme nta. Nta tu, Bwana, hata kilo mbili. Akasema, "Ni safi." Sijawahi kuuchukia usafi kama siku ile.

Akaniuliza kazi. Nikamwambia. Akaniuliza kama nimekaa karibu na kelele. Nikafungua mdomo kusema hapana, nikaiona ile spika kubwa ya kanisani, ile ya vipaza sauti, ambayo kwa miaka mingi imesimama begani kwangu upande wa kushoto kila Jumapili, kwa sababu hapo ndipo waya unapofika. Mimi, mwalimu wa fizikia.

"Inawezekana ni hiyo," akasema daktari. "Inawezekana siyo. Kwanza tupime."

Waliniingiza kwenye kijumba kisicho na sauti, kidogo kama kabati, chenye dirisha la kioo. Nikavishwa visikilizio, nikapewa kitufe mkononi. Kazi ni kubonyeza kila unaposikia mlio. Walianza na kulia. Milio ilikuja mikubwa, midogo, midogo zaidi, kama punje za ulezi zikidondoka kwenye sinia, nami nikabonyeza, nikabonyeza, nikawa najisifu kama mwanafunzi wa mbele. Kisha mpimaji akaniashiria kwa kidole: sasa kushoto.

Nikasubiri aanze.

Kulikuwa kimya. Nikakaa sawa, nikashika kitufe vizuri. Nikasubiri. Nikadhani anarekebisha mashine. Nikatazama kioo ili nimtabasamie, na ndipo nilipoona mkono wake. Ulikuwa ukizungusha kifungo, ukisimama, ukizungusha tena. Kila uliposimama aliinua macho kunitazama, akayashusha, akaandika. Alikuwa amekwisha kuanza. Alikuwa amekwisha kuanza zamani. Milio ilikuwa ikiingia sikioni mwangu mmoja baada ya mwingine na kufia humo, na mimi nimekaa pale nikisubiri kwa adabu. Nimewahi kuogopa maishani: nimewahi kumshika mtoto mwenye homa ya digrii arobaini, nimewahi kuona nyoka chini ya kitanda. Hofu hizo zina pa kukimbilia. Ile ya kijumba haikuwa na mlango, kwa sababu nilichokuwa nikikiogopa sikukisikia.

Mwishoni kabisa ulikuja mlio mzito, wa chini, kama mtu anayevuma kwa mdomo uliofungwa. Nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikauma.

Daktari alinichorea mstari kwenye karatasi. Sauti nzito, alisema, sikio la kushoto bado linazipata. Nyembamba limezipoteza, na hazitarudi. Kuna kifaa cha kuvaa ambacho huenda kikasaidia. Lakini kwa kuwa ni upande mmoja tu, lazima nipigwe picha ya kichwa, kuhakikisha hakuna kitu kinachoota kwenye mshipa wa sikio. Alisema "kuhakikisha hakuna" kwa namna nzuri, taratibu, kama ninavyosema mimi ninapowatuliza wengine, na kwa hiyo haikunituliza hata kidogo. Tarehe ya picha ilikuwa wiki tatu mbele.

Nilitaka kungoja majibu ya picha kabla ya kuwaambia kwaya. Mume wangu alikuwa anasukuma kochi kulirudisha sebuleni.

"Wiki tatu ni mazoezi matatu," akasema. "Utainua mkono gani?"

Jumamosi ile walikuja wote. Nilisimama mbele yao, nikawaambia kama ninavyokuambia wewe: habari ya spika, habari ya kiti, habari ya kijumba. Niliwaeleza kwamba sauti ya kwanza hawakuwa wavivu hata siku moja. Niliwaambia kwamba wakitaka mwalimu mwingine nitaelewa, na nitamsaidia.

Nilitazama midomo yao mmoja mmoja nisije nikapitwa na neno.

"Mwaka mzima, mwalimu?" akauliza yule kiongozi wa machungwa.

"Mwaka mzima. Pengine zaidi."

"Na mimi nimekunywa tangawizi mpaka tumbo limekuwa jiko!"

Wakapasuka kwa kicheko, na mmoja wa sauti ya tatu, mzee asiyesema sana, akasema, "Heri iwe sikio. Sisi tulishaamini umetuchukia." Hapo kicheko kilikatika.

Tukabadilisha mpangilio. Besi nikawaleta kushoto, kwa kuwa sauti nzito bado nazipata upande huo. Sauti ya kwanza nikawapeleka kulia. Walitembea wakigongana na mabenchi, wakilalamika kwamba sasa feni haiwafikii. Spika ya kanisa tukaisukuma mbali mpaka waya ukakaza. Nikainua mikono, tukaimba ubeti wa kwanza, nikasimamisha.

Miaka yote niliyofundisha, hapo ndipo nilipokuwa nikitoa hukumu. Sasa nilichokuwa nacho ni nusu ya ushahidi.

"Nani ananiambia mizani ya sauti ikoje?" nikauliza.

Waliangaliana. Hakuna aliyewahi kuulizwa. Kiongozi wa sauti ya kwanza akakohoa, akatazama viatu vyake, kisha akanitazama.

"Bado tumezidi, mwalimu. Sisi ndio tumezidi. Ni mazoea."

Niliuchunguza uso wake nijue kama ni kweli au ni huruma. Sikuweza kujua. Nikamwamini. Nikawapa nota ya kuanzia, na walipoingia nikaugeuza mkono wangu, kiganja chini, nikaushusha polepole, nikiyatazama makoo yao yalegee.